Dola imekwenda wapi? Barua ya wazi kwa wanaofundisha Fedha za Kimataifa

Kwa maprofesa na wahadhiri wa somo la Fedha za Kimataifa katika vyuo vikuu vya Tanzania.

Walimu wangu,

Ninawaandikia nikiwa nimekalia boksi la minyororo ya pikipiki, nyuma ya duka la baba yangu mdogo, Kariakoo. Hapa ndipo nilipoangukia baada ya kumaliza shahada ya biashara, mchepuo wa fedha. Ninatunza hesabu za duka, ninaandaa malipo ya TT kupitia benki kwenda kwa wauzaji wetu wa Guangzhou, na mzigo ukifika ninafukuzana na wakala wa forodha. Somo lenu nililisoma mwaka wa tatu, nikapata B+. Alama hiyo ninaitaja mapema ili asije mtu akasema huyu alikula sapu, sasa anatafuta wa kumtupia lawama.

Chuo changu sitakitaja, na mwalimu wangu sitamtaja. Kwanza ni adabu. Pili, wenzangu waliosoma kwingine wakinisimulia yao, ninasikia habari ileile imebadilishwa ukumbi tu.

Katikati ya mwaka 2023 dola ziliadimika. Baba mdogo alikuwa na proforma ya dola 20,000 mkononi, shilingi zake zimelala benki, na benki inamwambia aweke oda asubiri zamu. Ikapita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wateja wa mikoani wanapiga simu, rafu zinaanza kuonyesha mbao. Jioni moja, akiwa anateremsha shata, akanigeukia.

"Mwanangu, wewe si ndiye tuliyekusomesha fedha za kimataifa? Haya, niambie: dola imekwenda wapi?"

Nikanyamaza. Kichwani nilikuwa na fomula ya kukokotoa bei ya forwadi ya faranga ya Uswisi kutokana na riba ya Marekani na riba ya Uswisi. Ningeweza kuiandika palepale ubavuni mwa boksi bila kufungua daftari. Nilijua hatua za kutafuta faida kwa kuzungusha sarafu tatu. Nilijua kwamba fyucha za sarafu zilianza kuuzwa Chicago mwaka 1972. Jibu la baba mdogo sikuwa nalo. Nikamwambia nitaangalia. Akacheka, wala si kwa ubaya, akabana kufuli.

Nimekaa na kicheko kile muda mrefu, ndipo nikaamua kuwaandikia.

Darasa letu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia tatu. Kipaza sauti kilikoroma, na aliyetaka kusikia aliwahi viti vya mbele kabla jua halijapanda. Profesa wetu alikuwa msomi hasa, mtu wa suti iliyopigwa pasi na hotuba isiyo na kigugumizi. Slaidi zake zilitoka kwenye kitabu kinene cha Kimarekani, nazo zilikuwa zimetumika miaka mingi kiasi kwamba mwaka ulioandikwa chini ulitutangulia chuoni. Kila mfano ulianza na kampuni ya Marekani inayosubiri kulipwa pauni au yeni baada ya siku 90. Kampuni hiyo haikukosa pa kukimbilia: forwadi, fyucha, opsheni, mkopo wa sarafu ya mwenzake. Kazi yetu ilikuwa kuichagulia njia yenye nafuu.

Siku moja binti mmoja aliyekaa safu ya nne alinyosha mkono. "Profesa, na mfanyabiashara wa hapa, mwenye shilingi zake, opsheni anainunua wapi?"

"Hiyo haitatoka kwenye mtihani," akajibiwa.

Ukumbi ukacheka. Binti akaketi. Sidhani kama profesa alikusudia kumvunja moyo. Muda ulikuwa unakwenda na slaidi zilikuwa bado arobaini. Lakini siku ile sote tuliokuwa mle tulifundishwa jambo ambalo halikuwa kwenye slaidi: kuna maarifa ya mtihani na kuna maarifa ya dunia, na aliyekuja chuoni kutafuta haya ya pili atawachelewesha wenzake. Hadi muhula unakwisha, sikumbuki swali jingine lililoulizwa zaidi ya "tutaingia na kikokotoo?"

Sisi nasi tusijitakase. Stesheneri ya getini iliuza mitihani ya miaka ya nyuma pamoja na majibu yake, imepigwa chapa upya, ina jalada la bluu. Tulikidesa kitabu hicho usiku na mchana. Kampuni ilikuwa ileile. Mwaka huu inadai pauni, mwaka jana ilidai yeni. Aliyekariri mpangilio wa swali alipita, na aliyejaribu kuelewa akashikwa na muda. Rafiki yangu mmoja, ambaye sasa ninajua alikuwa na akili ya fedha kuliko mimi, alikula sapu kwa sababu alitumia dakika 40 kuandika kwa nini swali la pili haliwezekani nchini mwetu. Mimi niliyelikokotoa bila kujiuliza nikapewa B+.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niamini kwamba tatizo hili linatibika.

Kipindi kimoja kilipokwisha tulimkuta profesa huyohuyo koridoni, amesimama na mhadhiri mwenzake. Alikuwa analalamika, kwa Kiswahili. Mwanawe alikuwa anasoma Malaysia. Ada inatajwa kwa ringiti, benki inamkata kwa dola, mshahara wake ni wa shilingi. Alisimulia jinsi alivyochelewa kulipa awamu ya pili akitumaini shilingi itapanda, jinsi ilivyoshuka, na jinsi pengo lilivyomeza fedha za mabati aliyokuwa ameyapangia kiwanja chake. "Ningelipa zote mwanzoni," akasema, "ningekuwa nimeezeka."

Tulikuwa watano, tumesimama kando tukijifanya tunasoma matangazo ubaoni. Kwa dakika tatu zile nilielewa hatari ya kubadilika kwa thamani ya sarafu kuliko nilivyoielewa kwa wiki mbili za mihadhara. Nilielewa hata ule uamuzi wa kuwahisha au kuchelewesha malipo ambao kwenye slaidi ulikuwa mstari mmoja wenye nukta. Elimu yote ilikuwamo kifuani mwa mtu yule, imemgharimu mabati, imetulia katika lugha anayootea ndoto. Alipokuwa akivuka kizingiti cha ukumbi aliiacha mlangoni, kama mtu avuavyo viatu, akaingia na kampuni ya Marekani.

Walimu wangu, ombi langu lote liko hapo. Ingieni nayo.

Mjue pia kwamba nimeona ikifanyika. Muhula uleule tulikuwa na mwalimu msaidizi kijana aliyeendesha semina za Alhamisi, watu thelathini katika chumba chenye feni moja. Semina ya urari wa malipo aliianza kwa kututuma nyumbani. Hakutaka tusome chochote. Alitaka kila mmoja ampigie simu mzazi au babu na kumuuliza: mwaka 1983 mlifulia nini, na mlikula ugali gani?

Alhamisi iliyofuata chumba kilikuwa kimejaa hadi dirishani. Mmoja mama yake alimwambia walifulia majani ya mpapai. Mwingine baba yake alisimama foleni ya sukari tangu alfajiri, akaacha jiwe limshikie nafasi. Watatu walileta habari ya ugali wa Yanga, ule wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo uliopewa jina la jezi ya timu. Mwalimu akasikiliza wote, halafu akageukia ubao na kuchora mistari miwili: zinazoingia, zinazotoka. Akaanza kujaza. Bei ya kahawa iliyopaa mwaka 1976 na 1977 ikaporomoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Vita vya Kagera vikaja 1978, na mwaka uliofuata mafuta yakapanda bei. Upande wa zinazotoka ukafurika, upande wa zinazoingia ukakauka. "Sasa," akasema, "hapa kwenye pengo ndipo palipokaa sabuni ya mama yako."

Kutoka hapo hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Tulimfuata hadi mzozo wa Mwalimu Nyerere na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya kushusha thamani ya shilingi. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983. Ruhusa ya 1984 kwa wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa. Kisha makubaliano ya 1986 chini ya Rais Mwinyi, ambapo dola iliyokuwa chini ya shilingi 20 ilifika zaidi ya 50 kabla mwaka haujaisha. Alitufikisha hadi sheria ya fedha za kigeni ya 1992 na maduka ya kubadilishia fedha yaliyozaliwa nayo. Kwa saa mbili tulisoma viwango visivyobadilika, viwango vya soko, soko la magendo na masharti ya mikopo, na mgonjwa aliyelazwa mezani alikuwa shilingi yetu wenyewe, iliyozaliwa Juni 1966 na yenye makovu tunayoweza kuyagusa.

Mwaka uliofuata mwalimu yule alikwenda kusomea shahada ya uzamivu, na semina zikarudi kuwa mahali pa kusahihishia maswali ya slaidi. Nimewahi kujiuliza kwa nini kipindi kilichokaa vichwani mwetu kuliko vyote kiliachwa kitegemee mtu mmoja na moyo wake.

Nirudi Kariakoo, maana huku ndiko somo lenu lilikojificha.

Baba mdogo hajui neno la kitabuni hata moja. Lakini vipuri vyake huviuza kwa mali kauli. Fundi mwenye duka Mbeya au Kahama anachukua mzigo leo kwa neno lake, analipa baada ya mwezi mmoja au miwili, kwa shilingi. Mzigo huohuo baba mdogo anaudaiwa Guangzhou kwa dola. Piga hesabu pamoja nami. Amepanga bei dola ikiwa 2,500, kwa hiyo mzigo wa dola 20,000 ni shilingi milioni 50. Siku anapokuja kulipa, dola ni 2,700. Sasa anatakiwa milioni 54. Fundi wa Kahama ameleta shilingi zake kamili, hajapunguza hata mia, na bado milioni nne zimeyeyuka hewani. Faida ya kontena zima imekwenda kwa mtu ambaye hakuna anayemjua.

Na tazama anavyojikinga. Dola zikianza kuonekana, hununua kabla hajazihitaji. Anapohisi shilingi inalegea, hufupisha mali kauli kutoka siku 60 hadi 14, na wateja wananung'unika bila kujua sababu. Mzigo mwingine huugawa aingize nusu sasa na nusu baadaye, ili asinase kwenye bei moja. Hivyo vyote vina majina kwenye slaidi zenu. Hakuna aliyewahi kutuonyesha kwamba vina makazi hapa, umbali wa nauli moja ya daladala kutoka ukumbini.

Ndiyo maana sitawaomba mtupe kitabu cha Kimarekani. Kanuni ya uwiano wa riba ni kweli Uswisi na ni kweli Tandahimba. Ninachoomba ni mpangilio ugeuzwe: shilingi itangulie, faranga ifuate.

Mkifundisha uwiano wa uwezo wa kununua, mnatuletea kielelezo cha bei ya hambaga ya McDonald's, kilichobuniwa na jarida la The Economist mwaka 1986. Ni mwaka uleule shilingi yetu ilipoporomoka, na hadi leo mgahawa huo haupo nchini. Wapelekeni wanafunzi Namanga. Waandike bei ya kilo ya sukari, ya unga na ya kreti la soda upande huu na upande ule, waigawe kwa kiwango wanachopewa na wabadilisha fedha wa mpakani, kisha wajieleze kwa nini bei hazikulingana: ushuru, usafiri, vibali, na mengine yasiyoandikwa.

Mkifundisha imani ya wawekezaji, jirani yetu Kenya ametupa mfano wa bure. Januari 2024 dola moja Nairobi ilikuwa inauzwa kwa shilingi 160 hivi, kwa sababu kila mtu aliogopa hatifungani ya dola bilioni 2 ya mwaka 2014 iliyokuwa inaiva Juni. Februari serikali ikatoa hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5, kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, ikanunua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Kabla Aprili haijaisha dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Deni halikulipwa, lilisogezwa mbele, tena kwa riba kubwa kuliko ya awali, na sarafu ikapona. Muulizeni mwanafunzi aeleze hilo kwa kurasa mbili. Hakuna stesheneri yenye jibu lake.

Vivyo hivyo Machi 2025, kanuni zilipopiga marufuku bei za fedha za kigeni kwa mauzo ya ndani, mwenye nyumba wa Masaki aliyezoea kodi ya dola alihamishia wapi hatari yake? Vivyo hivyo agizo la 2024 kwamba wachimbaji watenge angalau asilimia 20 ya dhahabu yao iuzwe kwa Benki Kuu: linaongeza akiba ya fedha za kigeni, lakini linalipwa kwa nini, na nani anabeba tofauti? Na ile sarafu moja ya Afrika Mashariki, iliyosainiwa Kampala Novemba 2013 ianze 2024 na sasa imesogezwa hadi 2031, nani aliyeichelewesha, wanasiasa au hesabu? Haya ni maswali ya mtihani, walimu wangu. Yanamtaka mtu ajue fomula, kisha ajue inapokomea.

La lugha nitalisema kwa kifupi maana linawagusa wakubwa kuliko ninyi. Ninajua somo linafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Sheria hiyo siombi muivunje. Ila mnapoona nyuso mia tatu zimeganda, dakika tano za Kiswahili cha koridoni si dhambi. Mkulima wa ufuta, mwagizaji wa matairi na afisa wa benki watakuja kuzungumza na mwanafunzi wenu kwa Kiswahili. Aliyefundishwa kwa lugha moja tu atakuwa bubu kwa nyingine, kama nilivyokuwa mimi mbele ya shata.

Ninajua pia mizigo yenu. Mhadhiri mmoja anabeba madarasa matatu makubwa, anasahihisha vitabu mia tisa kwa wiki mbili, na anapandishwa cheo kwa makala zilizochapishwa wala si kwa binti wa safu ya nne aliyejibiwa vizuri. Chuo kinachotaka semina za watu thelathini lazima kiajiri watu wa kuziendesha, na hilo haliko mikononi mwenu. Lakini mfano unaotolewa ukumbini uko mikononi mwenu. Swali la mtihani liko mikononi mwenu. Na namna ya kumjibu aliyenyosha mkono haihitaji bajeti.

Nisimalize bila kushukuru. Profesa wangu alikuwa na msemo mmoja aliourudia hadi tukaugeuza utani: "Kabla hujakokotoa chochote, andika sarafu ipi inanunuliwa na ipi inauzwa." Mwaka jana karatasi ya benki ilituletea kiwango kilichogeuzwa, kununua mahali pa kuuza. Mkono wangu ulisimama wenyewe, nikaandika alichotufundisha, tukaokoa fedha ambazo ni mshahara wangu wa miezi miwili. Angekuwa ametupa msemo ule pamoja na mabati yake ya Malaysia, ningemkumbuka kama mwalimu bora niliyewahi kukaa mbele yake.

Na baba mdogo nilimjibu hatimaye, ingawa ilinichukua miezi. Nilisoma taarifa za kila mwezi za hali ya uchumi zinazotolewa na Benki Kuu, nikaangalia misimu ya korosho, dhahabu na watalii, nikafuatilia Marekani ilivyopandisha riba yake kutoka karibu sifuri mapema 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 ilipofika Julai 2023. Nikamwambia: "Baba, dola nyingine zimerudi kwao, kwa sababu sasa kule zinalipwa riba nzuri. Nyingine zimekwenda kununua mafuta na mbolea, vilivyopanda bei baada ya vita vya Ukraine. Zilizobaki, mwenye nazo amezishika akingoja zipande. Subiri msimu wa mauzo ya mwisho wa mwaka, zitalegea kidogo."

Akafikiri. "Kumbe linaelezeka," akasema. "Sasa mbona hukuniambia siku ile?"

Nikamweleza habari za somo lenu, na kwamba ninawaandikia barua. Akanituma niwafikishie ujumbe wake. Wanafunzi wenu anawakaribisha dukani, kumi kwa mara moja, Jumatano ambayo mzigo huwa mdogo. Viti hakuna, watakalia maboksi. Atawafungulia daftari la mali kauli wahesabu wenyewe milioni nne zilikokwenda. Ana sharti moja tu: profesa naye aje, akae nao, na atakapoulizwa swali asijibu kwamba halitatoka kwenye mtihani.

Wenu mtiifu,

Mwanafunzi wenu wa zamani,
Kariakoo, Dar es Salaam.